Kibao chenye picha ya ndege barabarani: nani anaamua kisimame wapi na kiandikwe nini?

Fundi Nguzo (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Humu haupiti mwaka bila uzi wa mtu aliyempeleka mgeni kwenye uwanja wa ndege ambao siyo. Nami naleta wangu, maana siku hizi nakula kwa vibao vilevile vilivyonipoteza.

Nipo Maryland, Marekani. Kazi yangu ni ya usiku, kampuni ndogo inayosimika vibao vya barabara kuu. Tunafunga njia moja kwa koni, lori lenye kinga linakaa nyuma yetu kupokea shari ya mlevi yeyote atakayekuja kasi, sisi tunachimba, tunamwaga zege, tunainua nguzo. Saa kumi na moja alfajiri tunafungasha.

Sasa kisa. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naishi Baltimore. Shangazi akaja kutoka Dar, akanipigia: "Mwanangu nimeshatua, nipo hapa uwanja wa Washington." Nikawasha gari, nikashika barabara kuu ya I-95 kwenda kusini. Sijafika mbali naona kibao cha kijani, picha ya ndege hiyo hapo. Nikakunja. Nikaegesha, nikazunguka jengo lote la wanaowasili, nikauliza hadi walinzi. Shangazi hayupo. Kumbe mama wa watu yuko Dulles, Virginia, zaidi ya saa moja kutoka niliposimama, amekalia begi lake na dagaa wa Mwanza ndani.

Kabla hamjanicheka, sikilizeni. Eneo hili lina viwanja vitatu vikubwa na vyote vitatu vimebeba neno Washington. Kuna Ronald Reagan Washington National, ule wa mtoni karibu kabisa na jiji. Kuna Washington Dulles International. Na kuna Baltimore/Washington International Thurgood Marshall. Dulles ilipofunguliwa 1962 iliitwa Dulles International basi. Mwaka 1984 wakatanguliza Washington mbele, kwa vile watu walikuwa wanaichanganya na Dallas ya Texas. Wakaziba tundu moja, lingine likafunguka.

Nilipoingia kwenye hii kazi nikakutana na kitabu chenyewe. Marekani ina mwongozo mmoja wa taifa wa alama zote za barabarani, kwa kifupi MUTCD, unatolewa na idara ya barabara kuu ya serikali ya shirikisho. Wa kwanza ulitoka 1935, toleo la 11 limetoka Desemba 2023. Mimi niliufahamia kwenye toleo la 2009, kwa hiyo ninayosema hapa ni ya humo. Uzuri wake, kila sentensi imepewa uzito: hili ni *lazima*, hili *inashauriwa*, hili *inaruhusiwa*. Unajua kabisa wapi una uhuru na wapi huna.

Kwenye viwanja vya ndege karibu yote ni *inaruhusiwa*. Inaruhusiwa kuweka vibao kuanzia barabara kuu iliyo jirani mpaka kiwanjani, kwa kawaida isizidi maili 15, ambazo ni kama kilomita 24. Inaruhusiwa kuning'iniza kibao kidogo cha jina chini ya picha ya ndege. Inaruhusiwa kutumia picha na mshale peke yake kwenye kona za njiani. Halafu katikati ya ruhusa hizo inachomoza *lazima* moja: kabla hujasimamisha kibao kikubwa kule barabara kuu, vile vidogo vya kumfuatisha dereva kona kwa kona viwe vimeshasimama vya kutosha.

Hiyo ndiyo sentensi ninayoipenda kuliko zote mle. Ukishamtoa mtu kwenye barabara aliyokuwa anaijua, umeshamshika mkono. Huwezi kumwachia njia panda ya pili ukaenda zako. Na ningekuwa mimi ndiye mwandishi, na jina nalo ningelipandisha daraja liwe lazima popote penye viwanja viwili au zaidi.

Huko mliko hali ikoje? Uzi tayari.

---

Mtoto wa Temeke

Kwa hiyo mkuu, kibao kilikuwa na jina, wewe ndiye hukusoma. Hahaha. Umeandika aya tisa kukwepa hilo.

---

Fundi Nguzo

Kilikuwa na jina, sikatai. Nilipoona ndege nikaacha kusoma.

Ila nikupe hesabu, uone dereva anaishi na muda gani. Kipimo wanachotumia: kila inchi moja ya urefu wa herufi inasomeka kutoka futi 30. Chukua herufi kubwa ya inchi 16, sentimita 40 hivi. Inaanza kusomeka ukiwa futi 480, mita 146. Gari la maili 65 kwa saa linakula mita 29 kila sekunde. Gawanya: sekunde tano. Ndani ya hizo tano utazame kioo, umwache yule wa kulia apite, usome, uamue.

Ndiyo sababu jina zima la kiwanja cha Baltimore hulikuti barabarani. Maneno yote yale mpaka uyamalize umeshavuka daraja. Wanaandika BWI. Na ndiyo sababu majina hayaandikwi kwa herufi kubwa tupu: inatangulia kubwa, zinafuata ndogo, jicho linalitambua neno kwa umbo lake kabla hujamaliza kulisoma. Tena kile kibao cha nyongeza, kinachotaja sehemu za jirani kabla ya kutoka, inashauriwa kisibebe zaidi ya sehemu mbili, na kiwe kimoja tu kwa kila njia ya kutokea. Wenye hoteli, vyuo na viwanja vya mpira wote wanakitaka hichohicho. Kwa hiyo mkisikia watu wamekunjana mashati mikutanoni juu ya kibao, msishangae.

---

Mzee wa Kisongo

Vijana, mimi nina miaka 22 ya kubeba watalii Arusha. Hayo ya Washington tunayo hapa nyumbani.

Arusha ukisema "airport" umesema vitu viwili. Kuna Kisongo, kama kilomita 10 magharibi ya mji, barabara ya kwenda Makuyuni na Dodoma. Kile kwenye tiketi kinaandikwa Arusha, ARK. Zinaruka ndege ndogo za Seronera kule Serengeti, za Zanzibar, za Dar. Halafu kuna KIA, wilaya ya Hai, kama kilomita 50 mashariki ya mji ukielekea Moshi. Kwenye tiketi ni Kilimanjaro, JRO. Sasa mgeni anayelala Arusha na kwenda Serengeti hajui hata kimoja katika hayo. Yeye anajua anafikia Arusha, kwa hiyo kiwanja ni Arusha Airport.

Nilishawahi kumpeleka mzungu na mkewe KIA saa kumi na moja asubuhi, mimi nimenyoosha nikijua wanarudi kwao. Tumefika, wanatoa karatasi, ndege yao ya Seronera saa mbili kasorobo, inatokea Kisongo. Kilomita 60 kurudi, na katikati mji wote wa Arusha unaamka: daladala, wanafunzi, mikokoteni ya ndizi. Tuliwahi dakika za mwisho, rubani ameshakaa. Tangu siku hiyo siulizi "airport ipi". Nauliza "unaenda wapi".

Hiyo kanuni ya maili 15 nielezee vizuri kijana. KIA iko kilomita 50 kutoka mjini. Kwa hiyo kwa Wamarekani isingepata kibao?

---

Fundi Nguzo

Shikamoo mzee wangu.

Ingepata. Kipimo kinaanzia barabara kuu iliyo jirani na kiwanja, mji uliko hauhesabiwi. Pale njia panda ya KIA, kutoka lami ya Moshi–Arusha mpaka kiwanjani, ni kilomita ngapi?

---

Mzee wa Kisongo

Marahaba. Sita hivi.

---

Fundi Nguzo

Basi uko ndani kabisa. Hata Dulles inaingia kwa kubana: kutoka barabara ya mzunguko ya Washington mpaka kiwanjani ni maili 14 hivi.

---

Simu Kwanza

Samahanini wakubwa, lakini huu mjadala ni wa zamani za kale. Nani anasoma kibao leo? Unaandika jina kwenye simu, dada anakwambia kata kushoto, umefika. Hizo hela za nguzo na zege wangetengenezea mashimo.

---

Dereva wa Gongo la Mboto

@Simu Kwanza huyo dada wa simu namjua, ameshanifikisha ukutani mara mbili.

Uwanja wa ndege siyo duka. Ni eneo kubwa lenye uzio, na ile alama ya ramani mtu ameichomeka katikati, pengine juu ya njia ya kurukia kabisa. Simu inatafuta barabara iliyo karibu na hiyo alama, inakwambia "umefika", unanyanyua macho unaona nyaya, nyasi, na nyuma yake ndege inakimbia. Abiria kakukodolea macho.

Halafu kuna jambo la jengo lipi. Mimi njia yangu ni Nyerere Road, hapa Dar, kila siku ya Mungu. Tangu Terminal 3 ifunguliwe 2019, nusu ya abiria wangu bado wananiambia "nipeleke airport" kana kwamba ni mlango mmoja. Wa nje ya nchi anakwenda Tatu. Wa Mwanza, wa Dodoma, anakwenda Mbili. Wa ndege ndogo za kukodi anakwenda Moja, jengo la zamani ambalo haliko pamoja na hayo mengine. Ukimshusha pasipo pake na mabegi matatu na mtoto mgongoni, hiyo lawama hairudi kwa simu, inakurudia wewe.

---

Mtoto wa Temeke

Wazee wetu bado wanasema "Kipawa". Ukimwambia JNIA, yaani Julius Nyerere International Airport, anakuuliza ni ugonjwa gani.

---

Wambo wa Mlolongo

Majirani, Nairobi tunawapita. Sisi tuna JKIA, yaani Jomo Kenyatta, kule Embakasi na Wilson hapa Lang'ata Road, na mtalii wa Mara karibu lazima atumie zote mbili: anashuka JKIA usiku, asubuhi anaruka kutoka Wilson kwa ndege ya viti kumi na viwili. Na hiyo JKIA yenyewe ina 1A mpaka 1E, halafu kuna 2.

Lakini nataka kumjibu huyo wa simu kwa njia nyingine. Zamani ukipotea Mombasa Road ulikuwa unashusha kioo, unauliza mtu wa boda, "Buda, airport ni wapi?" Anakuonyesha hata kwa kidole cha mguu. Tangu 2022 tuna Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, sehemu yake iko juu ya nguzo. Huko juu hakuna mtu wa boda. Hakuna mama wa mahindi. Hakuna kusimama. Kuna wewe, kibao, na ukuta wa zege pande zote mbili. Ukipitiliza mahali pa kutokea, utaenda mpaka pengine na utalipia. Kibao huko ndiye mtu wa pekee wa kuuliza njia.

---

Simu Kwanza

Hapo kwa Expressway nakubali. Ya ukutani pia imeshanitokea, niseme ukweli, ila nilimwambia abiria ni njia ya mkato.

---

Mama Swaumu

Mada nzuri. Naomba kuuliza mambo mawili, Fundi. Nilimtembelea mwanangu Ohio. Vibao vya petroli, chakula na hospitali vilikuwa bluu. Vya mbuga vya kahawia. Kwa nini ndege ni kijani? Na la pili, tulipita porini kabisa, mahindi kulia mahindi kushoto, nikaona kibao cha ndege. Mwanangu akasema tukaone. Tumefika, vibanda viwili, ndege tatu ndogo kama za kuchezea, na mbwa. Hata mtu wa kumsalimia hakuna. Huo nao ni uwanja?

---

Fundi Nguzo

Mama, shikamoo, na maswali yako yote mawili ni ya msingi.

Bluu kwa Wamarekani ni huduma: mafuta, kula, kulala, hospitali. Kahawia ni mapumziko na utalii. Kijani ni mwelekeo, huko uendako. Kiwanja cha ndege wamekihesabu kuwa mahali pa kwenda, kama mji, kwa hiyo kikapewa kijani. Msilibebe hilo kwenda nchi nyingine. Uingereza barabara zao kubwa zaidi zina vibao vya bluu, zinazofuata ni kijani. Italia barabara kuu za kulipia ni kijani. Ufaransa ni bluu. Picha ya ndege ndiyo inayovuka mipaka, rangi haivuki.

Ukishaingia ndani ya eneo la kiwanja, mambo yanalegezwa. Kitabu kinataja waziwazi kwamba rangi zinaweza kutumika kutofautisha majengo ya abiria: jengo hili rangi hii, lile rangi ile. Barabarani kwingine ruhusa ya kuchezea rangi hivyo ni finyu.

Swali la pili. Ule wa mahindini ni uwanja, tena halali. Marekani ina viwanja kama 5,000 vilivyo wazi kwa umma, lakini vyenye ndege za abiria za ratiba ni kama 500 tu. Kitabu kinaruhusu vibao kwa vyote, vyenye mashirika na visivyo nayo. Nani hasa apewe na nani anyimwe, kila jimbo linajiandikia masharti yake. Rubani wa Cessna naye ana mke wa kuja kumchukua. Ila ndiyo maana nakazania jina. Picha ya ndege peke yake inamwita anayetaka kwenda Nairobi na anayetaka kunyunyizia mahindi dawa.

---

Mdigo wa Virginia

Fundi, umesahau kituko cha Dulles. Kuna barabara maalumu ya kwenda pale, watu wa kiwanjani peke yao, bure. Sambamba nayo, ubavu kwa ubavu, kuna ya kulipia kwa watu wengine wote. Ile ya bure haina foleni ya maana. Sasa watu wana akili: unaingia ya bure kama msafiri, unafika kiwanjani, unageuza palepale na kurudi kushuka unakotaka. Hiyo ni marufuku, na askari wakikunasa ni faini. Jirani yangu hapa alinaswa, akamwambia askari anampokea mkwewe. Askari akauliza ndege gani. Akataja basi.

Kwa hiyo pale kibao chenye picha ya ndege hakielekezi tu. Kinakuuliza kama kweli una safari.

---

Katibu Kata Mstaafu

Mimi nimekwama kwenye majina. Hapa kwetu ilikuwa Dar es Salaam International, tukaiita kwa jina la Mwalimu, na nakubaliana na heshima hiyo. Lakini kila jina likibadilika, nani anabadili vibao, na kwa fedha za nani? Tena siku hizi mamlaka yenyewe inaandika "Kiwanja cha Ndege", ilhali sisi tumezoea "Uwanja". Wingi wote ni "viwanja" kwa hiyo hapo hakuna ugomvi, lakini kwenye kibao kiandikwe kipi?

---

Fundi Nguzo

Katibu, chochote, mradi kiwe kilekile kutoka kibao cha kwanza mpaka getini. Dereva anayefuata "Uwanja" akikutana ghafla na "Kiwanja" mguu unalegea kwenye mafuta.

Kuhusu majina na siasa, kile cha Washington mtoni kiliitwa National tangu 1941. Mwaka 1998 ikapitishwa sheria kiongezwe jina la Reagan. Mamlaka ya treni za jiji ikachelewa kubadili jina la kituo chake, ikisema gharama. Mwaka 2001 Bunge likailazimisha ibadili. Vibao vikabadilika. Nenda leo uwaulize wazee wa Washington, wengi watakwambia "National". Kibao unaweza kukibadili kwa usiku mmoja, mimi mwenyewe ndiyo kazi yangu. Ulimi wa watu hauna nguzo ya kuchimbua.

---

Mzee wa Kisongo

Kijana, tuache siasa. Ungepewa Arusha uipange wewe, ungefanyaje?

---

Fundi Nguzo

Mzee wangu, ningeanzia getini nirudi nyuma. Getini kwa KIA kwanza, halafu kona ya kabla yake, halafu njia panda. Kile kikubwa cha barabara ya Moshi–Arusha kiwe cha mwisho kabisa kusimama, hata kama ndicho mgeni rasmi anachotaka kupigia picha. Kisongo vivyo hivyo.

Katika mkoa huo picha ya ndege isisimame mahali popote bila jina. "KIA" herufi tatu, inasomeka hata kwenye vumbi. "Kisongo" jina moja, kila dereva analijua. Neno "Arusha" kwenye kibao cha kiwanja ningelikwepa, maana ndilo linalopoteza watu, ingawa najua kiwanja jina lake rasmi ndilo hilo, na wakubwa hawatakubali. Basi yawekwe yote mawili, Arusha na Kisongo chini yake. Hiyo bado ni mistari miwili.

Na nguzo ziwe zile za kukatika chini zikigongwa. Huku kitabu kinazitaka kwa kibao chochote kilicho karibu na lami pasipo ukingo wa chuma. Nimewahi kufika alfajiri nimekuta kibao changu cha wiki iliyopita kimelala majanini, dereva amekaa pembeni anakunywa maji, mzima. Sikukasirika hata kidogo.

---

Mtoto wa Temeke

Na shangazi aliyekalia dagaa je? Hukumalizia.

---

Fundi Nguzo

Nilimfikia saa nne usiku. Hakunisemesha mpaka tunaingia Maryland. Tulipopita chini ya kibao cha BWI akanyoosha kidole, akaniuliza, "Na hiyo nayo ni Washington?"

---

Mzee wa Kisongo

Hahaha, pole yako.

Mimi nimepokea ujumbe sasa hivi, wageni wanne wa kesho jioni. Wameandika niwapokee "Arusha Airport". Nimewauliza mnatokea wapi. Amsterdam.

Nimeshajaza mafuta ya KIA.